Kandege kamedondoka kwenye kipe chetu usiku. Hivi hawa ndege wa Ulaya wanajuaje njia?

Taa ya Kipe
Wakuu habari za Jumapili. Mi niko Kibirizi hapa Kigoma, kazi yangu ziwa, tunavua dagaa kwa kipe (chombo cha kuvulia usiku kwa wavu na taa). Juzi usiku wa giza totoro tumewasha taa zote za sola tunasubiri dagaa wakusanyike, mara kitu kikagonga nguzo ya taa, pa! kikadondoka miguuni kwangu pale kwenye ndoo ya kutolea maji. Mwenzangu akaruka akijua popo. Namulika, kandege. Kadogo kuliko shomoro, mgongo kijani ya kufifia, kifua kama manjano yaliyofuliwa mara nyingi, na kamstari juu ya jicho kama nyusi. Nikakashika, moyo unapiga mpaka vidole vyangu vinasikia. Nikakaweka kwenye kofia nikafunika na fulana.

Nahodha wetu mzee wa watu akakaangalia akasema hako kageni, hutu tundege tunakuja kila mwaka mvua za vuli zikianza, masika haijaisha tunarudi kwao Ulaya, na yeye usiku ziwa likitulia huwa anatusikia juu tunaitana tukipita. Nikacheka kwanza, halafu nikakosa usingizi. Yani mi nina simu, nina ramani, ila wingu likifunga nikiwa mbali na nchi kavu naanza kutafuta taa za mjini kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Haka kenye kichwa kama punje ya karanga kanajuaje Ulaya iko wapi, tena usiku, tena juu ya maji?

Wajuvi karibuni. Kenyewe kako nyumbani kwenye boksi la viatu.

Mama Dagaa wa Ujiji
Natia nanga. Ila kwanza tuambiane ukweli, dagaa mlipata?

Taa ya Kipe
Ndoo tatu mama. Acha tu.

Kasulu Yetu
Chai hii. Kandege ka gramu chache katoke Ulaya mpaka Kigoma? Basi la Mwanza tu linatuchosha.

Fundi Simu Mwanga
Jibu rahisi mbona, wana sumaku kwenye mdomo. Nilisoma kitambo, kuna vipande vya chuma kwenye mdomo wa njiwa vinafanya kazi kama sindano ya dira. Hata simu yako ina kichipu cha kupima sumaku ndo maana ramani inajua umeelekea wapi. Uzi ufungwe.

Mwl Mizinga
Mwangaluka wakuu. Uzi usifungwe kwanza, fundi amenichokoza. Mi nafundisha fizikia huku Sikonge, Tabora, na nimekulia kwenye mizinga ya nyuki ya mzee wangu kwa hiyo ndege wanaokuja na kuondoka nawajua tangu utoto, na wengine nimewachukia tangu utoto, tutafika huko.

Kwa maelezo yako hako ni jamii ya Phylloscopus trochilus, Wazungu wanakaita willow warbler. Kanazaliana kuanzia Uingereza mpaka mashariki ya mbali ya Urusi huko Siberia, baridi ikikaribia huko kanakuja Afrika. Uzito wake haufiki betri moja nyembamba ya rimoti. Kasulu Yetu, sio chai. Wale wa Siberia wanaokuja mpaka upande wetu huu wanapiga zaidi ya kilomita elfu kumi kwenda tu, bila kurudi. Wanasafiri usiku, mchana wanatua wanakula wadudu.

Sasa ile ya chuma kwenye mdomo. Fundi hujakosea kusoma, ni kweli iliandikwa sana. Lakini mwaka 2012 timu ya David Keays kule Vienna ilikata midomo ya njiwa vipande vyembamba kabisa wakaangalia zile seli zenye chuma moja moja, wakakuta sio mishipa ya fahamu hata kidogo. Ni seli za kinga, zile zinazokula chembe za damu zilizozeeka na kubaki na chuma yake. Askari wa mwili waliogeuzwa dira na watu waliokuwa na hamu ya kuona dira. Kwa hiyo hiyo stori ikabaki bila mguu mmoja.

Ila kwamba ndege anasikia sumaku ya dunia, hilo halina ubishi tena. Miaka ya 60 huko Frankfurt, Ujerumani, kulikuwa na mtu anaitwa Wolfgang Wiltschko. Alikuwa na robini, ndege mdogo wa kwao mwenye kifua cha rangi ya chungwa (huku kwetu hafiki, msije mkamtafuta). Ndege wa safari ukimfungia kwenye tundu msimu wake ukifika, usiku halali. Anaruka ruka, anapapatika, na hapapatiki ovyo, anaparamia upande ule ule ambao angeruka kama angekuwa huru. Wiltschko akawaweka kwenye chumba kisichoonyesha nyota wala jua, akazungushia koili kubwa za waya zenye umeme, akaigeuza kaskazini ya sumaku ikaelekea kwingine. Ndege nao wakageuka na kuifuata. Hapo ndo safari ya elimu hii ilipoanzia.

Taa ya Kipe
Mwalimu unaandika kama unanifundisha mi mwenyewe. Sasa upande walioparamia waliujuaje, walikaa kuwahesabu usiku kucha?

Mwl Mizinga
Swali zuri. Mwanzoni ilikuwa hivyo hivyo, kukaa kuhesabu, baadaye vijiti vyenye swichi za umeme. Halafu mwaka 1966 baba na mtoto wake, John na Stephen Emlen wa Marekani, wakaleta kitu cha bei ya bure. Faneli ya karatasi, yani umbo kama mdomo wa faneli ya mafuta ya taa, chini wakaweka pedi ya wino, juu wavu. Ndege anasimama kwenye wino, akitaka kuondoka anaruka kwenye ukuta wa karatasi anateleza anarudi chini, kila kuruka anaacha alama za vidole. Asubuhi unakunjua karatasi, upande wenye weusi mwingi ndo upande aliotaka kwenda. Mpaka leo maabara zinatumia mtindo huo huo, siku hizi wengine wanatumia karatasi ya kukwaruzika badala ya wino.

Mama Dagaa wa Ujiji
Yaani kama mtoto aliyetembea na matope kwenye sakafu niliyopiga deki. Nimeelewa kabisa.

Fundi Simu Mwanga
Sawa nakubali ya mdomo. Ila bado ni sumaku tu, sindano iko sehemu nyingine mwilini. Kaskazini ni kaskazini.

Mwl Mizinga
Hapo fundi ndo patamu, maana ndege hajui kaskazini.

Soma taratibu. Mwaka 1972 Wiltschko na mkewe Roswitha walifanya kitu cha kijanja. Sumaku ya dunia haiendi sambamba na ardhi kila mahali. Ukiwa Ujerumani mistari yake inazama ardhini kwa mwinamo mkali, pale Frankfurt kama nyuzi 66. Ukija huku kwetu kusini ya mstari wa sumaku wa katikati, ule unaopita kule Ethiopia, inakuwa kinyume, inatoka ardhini ikipanda kuelekea kaskazini. Pale kati kati inalala kabisa kama mkeka. Ndo maana ukinunua dira iliyotengenezewa nchi za kaskazini ukaileta kusini sana sindano inainama upande mmoja inakwaruza kioo.

Sasa wale wawili wakabadilisha ncha tu, kaskazini ikawa kusini na mwinamo nao ukageuka, yani mstari ni ule ule ila mshale umegeuzwa kichwa chini. Dira yako ya dukani ingegeuka palepale. Robini wala hawakujali, wakaendelea kule kule. Halafu wakaacha ncha wakageuza mwinamo peke yake, dira ya dukani inasema kaskazini ni ile ile, robini wakageuka wote kuelekea kinyume. Maana yake ndege hasomi mshale, anasoma mwinamo. Haambiwi “kaskazini huku”, anaambiwa “huku ni kuelekea nchani, huku ni kuelekea kati kati ya dunia”. Sindano ya chuma haiwezi kufanya kazi hivyo fundi. Lazima iwe kitu kingine.

Fundi Simu Mwanga
Subiri subiri. Kama ni hivyo basi wanapotea. Anatoka Ulaya anafuata “kuelekea kati kati”, akifika Ethiopia mistari imelala, hakuna mwinamo, dira imekufa. Akivuka kuja kwetu ile “kuelekea kati kati” inamrudisha alikotoka. Nimekukamata mwalimu.

Kasulu Yetu
😂😂 Fundi kachomoa betri.

Mwl Mizinga
Wala hujanikamata, umeuliza kile kile walichojiuliza wao. Kuna ndege wa Ulaya wanaokuja mpaka kusini ya mstari huo, wakawaweka siku kadhaa kwenye sumaku iliyolazwa sambamba kama ile ya mstari wa kati, kisha wakawarudishia sumaku ya kwao. Kabla ya hapo walikuwa wanaelekea “kati kati”. Baada ya hapo wakaelekea “nchani”. Yani kuonja ile hali ya mkeka kulibadilisha maagizo, ndege akaendelea kusini ile ile. Pale pale kwenye mstari ambapo mwinamo unakosekana ana nyota, ana jua linapozama, hategemei chombo kimoja. Hata wewe fundi hupimi simu kwa mita moja.

Nzega Moja
Wakuu kwa nini tuhangaike, hii ni kazi ya Mungu tu. Tumshukuru.

Mama Dagaa wa Ujiji
Amina baba, tumeshashukuru. Sasa tuache mwalimu aeleze Mungu aliiweka wapi.

Taa ya Kipe
Enhe mwalimu, iko wapi? Kama sio mdomo.

Mwl Mizinga
Jichoni.

Nilipoisoma mara ya kwanza na mi niliona chai. Ila sikilizeni ilivyotokea. Mwaka 1978 Klaus Schulten, mtu wa fizikia na kemia, alisema kuna aina ya mabadiliko ya kikemia ambayo sumaku dhaifu sana inaweza kuyagusa, akapendekeza dira ya ndege iwe hiyo. Hawakumchukulia serious sana, maana sumaku ya dunia ni dhaifu mno, ile sumaku ya kubandika kwenye friji inaizidi zaidi ya mara mia. Haina nguvu ya kusukuma molekuli yoyote kwenye mwili wa moto unaotetemeka.

Baadaye, mwaka 2000, yeye na wenzake akina Thorsten Ritz wakataja kitu chenyewe. Protini inaitwa kriptokromu, iko kwenye retina ya ndege. Mwanga wa bluu ukiipiga, elektroni moja inaruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Zinabaki sehemu mbili, kila moja na elektroni iliyokosa mwenzake.

Sasa chukulieni pia. Mmecheza pia nyie? Ile ya mti ya kuvuta na kamba. Pia ikiwa imelala chini ukiipulizia kwa mdomo haisogei. Ikiwa inazunguka imesimama kwenye msumari wake, inayumba inakaribia kuanguka, hapo pumzi ya mtoto inatosha kuamua inaangukia kushoto au kulia. Hizo elektroni mbili ndo pia zenyewe, zinazunguka kwa muda mfupi mno, na sumaku ya dunia ndo pumzi. Haizisukumi, inabadilisha tu uwezekano wa kuangukia huku au kule, na kuangukia huku kunatoa kemikali tofauti na kule. Kwa kuwa protini zimepangwa jichoni kwa pande tofauti, sehemu moja ya jicho inapata nyingi na nyingine kidogo. Inawezekana ndege ANAUONA mwinamo, labda kama kivuli au weupe fulani juu ya picha ya kawaida, akigeuza kichwa kivuli nacho kinahama. Hilo la kivuli ni dhana, hakuna aliyewahi kuazima jicho la ndege akachungulia.

Ushahidi sasa. Ukiwawekea robini mwanga wa bluu au kijani wanaelekea sawasawa, ukiweka mwekundu mtupu wanapotea. Kwenye ubongo wao kuna sehemu ya nyuma ya kuona usiku, ukiiharibu dira ya sumaku inakufa ila ya nyota na ya jua zinabaki, hiyo ilitoka 2009. Na mwaka 2021 watu wa Oldenburg na Oxford, akina Henrik Mouritsen na Peter Hore, wakatengeneza kriptokromu 4 ya robini maabara wakaipima, ikaonyesha kweli inaguswa na sumaku, na ile ya robini iliguswa zaidi kuliko ya kuku na njiwa ambao hawasafiri. Ilikuwa kwenye chupa lakini, sio kwenye ndege aliye hai, na sumaku waliyotumia ilikuwa na nguvu kuliko ya dunia. Kwa hiyo mi nasema imekaribia, sisemi imekwisha.

Mama Dagaa wa Ujiji
Mwalimu mi sijasoma fizikia ila nakuuliza kitu cha kijinga. Umesema inahitaji mwanga. Na umesema wanaruka usiku. Mwanga wa nani?

Mwl Mizinga
Sio cha kijinga hata kidogo mama, ndo lililowasumbua wengi. Usiku unaouita giza wewe una nyota, na ile protini haihitaji taa ya kipe, inahitaji chembe chache tu za mwanga. Majaribio yenyewe yanafanywa kwenye mwanga hafifu sana.

Na hapo ndo tunarudi kwa Taa ya Kipe. Kwa nini kameanguka kwako? Usiku wa giza, wingu, ghafla katikati ya ziwa kuna nuru kali kama soko. Ndege wa usiku wanavutwa na taa, wanazunguka, wanagonga nguzo. Kule Ulaya na Marekani wanakufa wengi kwenye minara ya taa na maghorofa. Nyie mnawasha kuita dagaa, mnaita na wapita njia.

Taa ya Kipe
Duh. Kumbe mi ndo nimekapoteza.

Kasulu Yetu
Sasa mwalimu hapo hapo, kama ni vitu dhaifu hivyo basi minara ya simu inawamaliza. Si ndo maana hata mbayuwayu siku hizi hawaonekani? Mtaani kwetu wamejenga mnara mwaka juzi.

Mwl Mizinga
Hili nilijua litakuja. Nusu yake ni kweli na nusu sio, na nusu ya kweli ni tamu kuliko ya uongo.

Pale chuo cha Oldenburg robini walikuwa hawaelekei popote. Kila msimu wanaparamia ovyo pande zote wakati Frankfurt ilifanya kazi miaka yote. Wakabadilisha chakula, wakabadilisha mwanga, wapi. Mwishoni wakavisha vibanda vya mbao bati za alumini na kuziunganisha na ardhi kama earth ya umeme, ndege wakakaa sawa. Wakichomoa ule waya wa ardhi wanapotea tena. Wakarudia miaka saba, bila anayesoma karatasi kujua kibanda kipi kimeunganishwa, ikatoka mwaka 2014. Kilichokuwa kinaharibu ni mawimbi ya kati ya kilohezi 50 na megahezi 5, uchafu wa umeme unaotoka kwenye vifaa vya kawaida pamoja na redio za mawimbi ya kati, yale wazee wetu waliyosikilizia RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) na kipindi cha mkulima. Walipopeleka ndege nje ya mji, shida ikaisha.

Simu ziko juu zaidi, mamia ya megahezi na kwenda mbele. Huko hazikuwa kundi lililoshtakiwa. Mbayuwayu wako Kasulu Yetu waulize dawa za wadudu mashambani kwanza, hao wanakula mbu na nzi.

Fundi Simu Mwanga
Asante kwa kunitetea mwalimu, nilikuwa naona wateja wanakuja na mawe 😂

Nzega Moja
Mimi nina swali sasa, sio la dini. Mtoto wa ndege anayesafiri mara ya kwanza anajuaje? Anaongozwa na wazazi?

Mwl Mizinga
Inategemea ndege. Korongo weupe wanaotua mabonde ya Malagarasi wanaruka mchana kwa makundi, wanapanda hewa ya moto, vijana wanawafuata wazee. Na keremkerem wa Ulaya, wale wenye rangi zote za kitenge, hao nao mchana na familia nzima. Hao ndo ninaowachukia. Mwezi wa kumi unawasikia juu kabla hujawaona, prrip prrip, mzee wangu anaacha kazi anatazama mizinga yake kwa huzuni, maana wakitua kwenye mti ulio mbele ya mzinga kazi yao ni moja, kudaka nyuki, kuwapigiza kwenye tawi mpaka mwiba utoke, kumeza. Nilikuwa napewa manati na maelekezo. Sikuwahi kumpata hata mmoja.

Ila kandege ka usiku kama haka kanakwenda peke yake. Na kekeo wa Ulaya ndo kabisa, analelewa na ndege wa aina nyingine, hajawahi kumuona baba wala mama, wao wameshaondoka wiki nyingi kabla yake, na bado anafika Afrika. Amezaliwa na maagizo, upande fulani kwa muda fulani.

Lakini maagizo sio ramani. Mdachi mmoja anaitwa Perdeck alikamata kwezi wa Ulaya zaidi ya 11,000 kule Uholanzi wakiwa safarini, akawapandisha ndege, namaanisha ndege ya chuma, akawaachia Uswisi. Wazee waliosafiri zamani wakagundua wamehamishwa, wakakata kona kurudi kwenye njia ya kwao kaskazini magharibi. Vijana wakaendelea upande ule ule waliokuwa nao kichwani, wakaishia Ufaransa kusini na Hispania. Alichapisha 1958. Kijana ana dira tu. Mzee ana dira na ramani, na ramani ile wengi wanaona inajengwa kwa harufu, kwa nguvu ya sumaku ya kila mahali, kwa vitu anavyovijua. Hapo ndo wanasayansi bado wanagombana kweli kweli.

Mama Dagaa wa Ujiji
Kumbe na wao uzee dawa.

Taa ya Kipe
Wakuu nimerudi. Jana nimefanya ile ya Emlen, msinicheke.

Kwanza mwalimu ulinitumia ujumbe kuwa nisikalishe ugali wala mkate, niweke maji na wadudu, boksi liwe gizani lenye matundu. Nimefanya. Kamekula mchwa wenye mabawa kama kumi na mbili hivi, kanadaka kabla hujaachia kidole. Umesema nisikakalishe zaidi ya usiku mmoja na kabla ya kukaachia naweza kujaribu kama saa moja tu. Sawa.

Nikachukua beseni la kuoshea dagaa, nikatandika karatasi za manila ndani ukutani, chini pedi ya muhuri niliyoazima stationery, juu chandarua nimefunga na mpira wa baiskeli. Nikaliweka uani juu ya pipa ili paka asifike. Nikakaa pembeni kimya.

Mwanzo kametulia. Kama saa mbili na nusu kakaanza, trrr, trrr, kanaruka kanateleza. Mi mwenyewe natetemeka. Baada ya saa nikakunjua karatasi, alama zote upande mmoja! Nikapiga picha. Nikasema nimepata, Ulaya ni huku. Halafu nikainua kichwa, upande huo huo kuna taa ya usalama ya jirani inawaka kama jua.

Fundi Simu Mwanga
😂😂😂 Ulaya kwa jirani.

Taa ya Kipe
Ngoja. Bahati luku ya jirani ikaisha. Giza. Nikaweka karatasi nyingine dakika ishirini tu. Safari hii alama zimetawanyika ila nyingi zimelala upande wa milima, sio kaskazini, ni kama mashariki. Mwalimu hii imekaaje? Mwezi wa tatu huu si inatakiwa kaskazini?

Mwl Mizinga
Kwanza hongera, hiyo ya taa ni kosa ambalo hata maabara zimelifanya. Pili ndege mmoja dakika ishirini haikwambii kitu, ungehitaji makumi. Tatu, niambie. Hilo pipa ni la plastiki au la chuma?

Taa ya Kipe
La chuma mwalimu. Lile la lita 200 la mafuta.

Mwl Mizinga
Chukua simu, fungua dira, ilaze juu ya pipa, kisha urudi nayo nyuma hatua tano.

Taa ya Kipe
Nimefanya. Aisee. Juu ya pipa kaskazini iko kwa jirani. Hatua tano kaskazini iko Burundi kama kawaida. Imehama zaidi ya robo mzunguko.

Fundi Simu Mwanga
Na hiyo simu hujaisawazisha. Izungushe kwa alama ya nane kwanza ndo upime.

Mama Dagaa wa Ujiji
Yani umekalisha kandege kwenye pipa la chuma mbele ya taa halafu unakauliza njia. Kasamehe bure. Umekaachia au bado?

Taa ya Kipe
Nimekaachia mama. Nilishuka nako mpaka ufukweni mbali na taa, saa nne usiku, nyota zimejaa, Kilimia kinazama magharibi. Nikafungua kiganja. Hakakuruka. Kalikaa pale kama nusu dakika kanageuza kichwa, huku, kule, huku, kama mtu anayetafuta mtandao. Mi nikakumbuka ile ya kivuli ya mwalimu nikabana pumzi. Halafu kiganja kikawa chepesi tu.

Kasulu Yetu
Kalielekea wapi?

Taa ya Kipe
Sikuona. Giza.

Mama Dagaa wa Ujiji
Na hilo beseni la kuoshea dagaa lenye wino wa muhuri, ni la nani?

Taa ya Kipe
La shangazi.

Mama Dagaa wa Ujiji
Anajua?

Taa ya Kipe
Bado. Nimesugua na omo mara mbili, vidole vidogo vidogo vinaonekana vyote.